Maswali mnayotuuliza kuhusu Simba, mbwa anayetafuta nyumba

Simba ni dume wa rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, kilo 19. Kwa kukadiria kutokana na meno ana mwaka mmoja na miezi michache. Ni mbwa koko, kwa hiyo msituulize mbegu. Yuko kwenye kituo chetu cha kuokoa wanyama nje kidogo ya Arusha, ingawa kwa sasa analala kwangu ili azoee kuishi ndani ya nyumba. Ana matatizo ya tabia. Tumeandika majibu haya kwa sababu wengi hutupigia simu wakiwa wameona picha tu, na picha ya Simba ni tulivu kuliko Simba mwenyewe.

Je, anauma?

Anaweza kuuma. Tunaanza na hili ili asiyelitaka asipoteze muda wake.

Amewahi kushika kanga ya dada wa kazi kwa meno, na amewahi kumkwaruza fundi mkononi. Mara ya kwanza bakuli lake lilikuwa linaondolewa kabla hajamaliza kula. Mara ya pili fundi, akiwa na helmeti ya kazini kichwani, alipitisha mkono juu ya fensi ili ampapase utosini. Fundi aliosha mkwaruzo ule kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha akaenda hospitali, ingawa Simba amechanjwa. Ndivyo inavyotakiwa kila mara mbwa anapoumiza mtu, hata mbwa mwenye cheti cha chanjo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Mbwa aliyeumiza mtu naye huwekwa chini ya uangalizi kwa siku 10. Simba aliwekwa, akazimaliza akiwa mzima.

Kinachotufanya tuendelee kumtafutia watu ni kwamba huonya. Kwanza anaganda, mdomo unafungwa, halafu anageuza kichwa pembeni huku weupe wa jicho ukionekana. Usipoondoka, ananguruma. Meno huja mwisho kabisa, na hata hapo hakung'ata kwa nguvu zake zote. Mbwa anayeruka kimya bila dalili yoyote ni habari nyingine, na hatungemtangaza.

Alitoka wapi?

Kwenye saiti ya ujenzi. Alipelekwa pale akiwa mdogo sana ili alinde saruji na nondo, akafungwa kwa waya, ule ule wa kufungia nondo. Jengo lilipokamilika mafundi wakaondoka, yeye akabaki. Kovu la waya bado lipo shingoni, nywele zake zimeota nyeupe mahali pale.

Umri huo una maana kubwa. Kati ya wiki ya 3 na takriban ya 14 tangu azaliwe, mtoto wa mbwa hujifunza vitu gani duniani ni vya kawaida: watoto wanaokimbia, mwavuli, pikipiki, wageni, mwanamume mwenye sauti nzito. Asichokutana nacho kwa wema kipindi hicho, akikiona ukubwani humshtua. Simba wiki hizo alizimalizia mbele ya lundo la kokoto, na wanaume wenye helmeti ndio waliokuwa wakimrushia vitu ili anyamaze. Ndiyo maana leo akiona helmeti anapandisha manyoya ya mgongoni.

Mbona nasikia alishachukuliwa akarudishwa?

Ni kweli. Familia iliyomchukua walikuwa watu wema waliopewa maelezo machache. Aliachwa peke yake siku nzima tangu siku ya kwanza, akatafuna kochi, akapasua nyavu ya dirisha. Halafu likaja lile la kanga. Walimrudisha bila kumpiga, na tunawashukuru kwa hilo.

Nataka mbwa mkali wa getini. Huyu si ndiye?

Hapana. Na hapa naomba unisome taratibu, kwa sababu nusu ya simu zinazoingia ni za namna hii.

Mkiona anabweka na kuruka kwenye fensi mnadhani ni ujasiri. Ni woga. Mbwa mwoga anabweka ili kitu kisogee mbali, na kikisogea anajiona ameshinda, kesho anabweka zaidi. Ukimweka getini utapata mbwa anayewavamia muuza mboga, mtoto wa jirani aliyefuata mpira na shangazi yako aliyetoka Moshi, kisha mwizi akimtupia kipande cha nyama anakimbilia nyuma ya banda. Mbwa wa ulinzi wa kweli ni mbwa mtulivu aliyefundishwa, anayejua kutofautisha watu.

Wapo pia wanaotuuliza kama wakimlisha pilipili au bangi, au wakimfungia kwenye boksi lenye giza mchana kutwa, atakuwa mkali zaidi. Pilipili inamuunguza tumbo, bangi ni sumu kwake, na giza linampa wazimu. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, na kumtesa mnyama ni kosa. Ukituuliza swali hilo, mazungumzo yetu yameishia hapo.

Kwa nini msimchome sindano ya kumuua tu, mbwa wazuri wasio na matatizo wapo wengi?

Swali gumu, lakini ni la haki. Wapo mbwa tunaoamua hivyo pamoja na daktari wa mifugo: anayeuma kwa nguvu bila onyo, asiyetulia hata akiwa salama, anayeishi kwenye hofu usiku na mchana. Simba tulimpima kwa vigezo hivyo hivyo. Anaonya, anazuia nguvu ya meno yake, na akishtuka anarudi katika hali yake haraka. Bodaboda ikishapita anajikung'uta mwili mzima, ananusa nyasi, anakugeukia. Mbwa anayeweza kusahau kitu kwa dakika moja ana mahali pa kuanzia.

Fimbo kidogo haimsaidii? Samaki mkunje angali mbichi.

Huyu alishakunjwa na watu wa saiti, na mnaona matokeo yake.

Fimbo inaweza kunyamazisha mngurumo, na hilo ndilo la hatari. Mngurumo ni taarifa. Ukimpiga kila anaponguruma, hofu inabaki palepale ila anaacha kukuambia, na siku nyingine anapitiliza moja kwa moja kwenye meno. Halafu watu wanasema "alimng'ata ghafla, hakuna aliyemchokoza."

Kufundisha kunahitaji chakula na subira. Vipande vya maini yaliyochemshwa, vidogo kama punje ya mahindi, au dagaa mmoja mmoja. Anafanya unachotaka, anapata papo hapo, si baada ya wewe kutafuta mfukoni. Asipofanya, hapati kitu na maisha yanaendelea. Kwa njia hiyo ameshajua kukaa, kusubiri mlangoni na kuja akiitwa, isipokuwa kuna kuku.

Kwenye bakuli nifanyeje hasa?

Kwanza acha kumsumbua. Anakula peke yake, chumba cha nyuma au bandani, mlango umefungwa, na hakuna anayeingia mpaka amalize. Familia nyingi zingeishia hapo na maisha yangekuwa mazuri tu. Wengi huvunjika moyo kwa sababu wanataka "kumwonyesha nani mkubwa" kwa kutia mkono bakulini. Hebu jiulize, mwenzako akikuchukulia sahani katikati ya chakula kila siku, utamzoea au utaanza kula ukiwa umeikumbatia?

Ukitaka kwenda mbele zaidi, zoezi tunalolifanya ni hili. Mpe chakula cha kawaida, kisicho na mvuto mkubwa, ugali na mchuzi mwepesi wa dagaa. Simama mbali kiasi kwamba bado anakula kwa mwendo wake. Kwa Simba ilikuwa hatua sita. Mrushie kipande cha ini kiangukie karibu na bakuli, kisha geuka uondoke. Usimsemeshe, usimwangalie machoni. Rudia kesho. Ukiona akikusikia unakuja anainua kichwa na mkia unalegea, punguza hatua moja. Ukiona shingo inakaza, anakula haraka kuliko kawaida au anazungusha mwili ili auweke kati yako na bakuli, umesogea mno. Rudi nyuma hatua mbili. Anachojifunza ni kwamba mtu akikaribia, chakula kinaongezeka.

Sasa kwangu naweza kupita pembeni ya bakuli nikiwa nimebeba ndoo ya maji naye akaendelea kula. Kulishika bakuli likiwa na chakula ndani sijafika, na sioni haja.

Kitu alichokiokota, kwa mfano kandambili, usimnyang'anye. Badilishana. Kipande cha ini puani, mdomo unafunguka, kandambili inaanguka. Mrushie ini mbali kidogo kwanza, ndipo uiokote.

Na bodaboda?

Hili ndilo litakalokula muda wako. Akiwa kwenye kamba na bodaboda ikapita karibu, anaruka na kubweka kama anataka kuivunja. Ikiwa mbali, mita 20 hivi, anaiona na bado anaweza kula. Kazi inafanyika kwenye umbali huo. Anaiona, anapewa dagaa. Inapotea, dagaa zinakoma. Baada ya muda akiona bodaboda anakugeukia wewe kuulizia chake, na hapo ndipo unasogea mita chache.

Tulianza na pikipiki iliyozimwa, imeegeshwa, haina mtu. Baadaye mtu amesimama kando yake, kisha amekaa juu yake, helmeti ikiwa mkononi. Kumpeleka stendi ya bodaboda "azoee" ni kumharibia kazi ya mwezi mzima. Tembea naye alfajiri, njia za mashambani. Na siku akishtushwa mara mbili tatu mfululizo, mrudishe nyumbani akalale. Hofu hulimbikizana, na kitu kidogo kinachofuata ndicho atakachokilipukia.

Anatafuna vitu?

Anatafuna. Ni kijana, na mbwa wa miezi sita hadi kumi na minane yuko kwenye ujana wake: nguvu nyingi, akili kidogo. Mpe cha kutafuna kabla hajajichagulia. Fundo bichi la goti la ng'ombe kutoka buchani linamshughulisha asubuhi nzima (mpe akiwa peke yake, kwa sababu tulizozitaja). Mifupa iliyopikwa, hasa ya kuku, usimpe kabisa. Hupasuka vipande vyenye ncha na kumchana tumboni. Viatu weka juu.

Naweza kumfunga mnyororo mchana na kumwachia usiku?

Hapana. Mbwa akiogopa ana njia mbili, kukimbia au kupigana. Mnyororo unaondoa ya kwanza.

Nimepanga chumba na sebule, uani tunachangia na wapangaji wengine.

Kwa Simba haitawezekana. Watu wanaingia na kutoka, watoto wapo, ndoo na majiko njiani. Tunatafuta nyumba yenye fensi inayofika kifuani kwa mtu mzima au zaidi, isiyo na upenyo chini, na mwenye nyumba awe amekubali kwa maandishi. Mbwa wengi wanarudishwa vituoni kwa sababu ya mwenye nyumba, si kwa kosa lao.

Nina watoto wadogo.

Basi mchague mbwa mwingine, tunao. Kwa Simba tunataka watoto wa kuanzia miaka 12 hivi, wanaoweza kusikia neno "mwache anakula" na wakamwacha.

Je, ataelewana na mbwa wangu? Na kuku?

Majike yanamtuliza, hasa yaliyo makubwa kumzidi umri. Madume hutegemea, tutawakutanisha kwanza barabarani, si ndani ya geti lako. Paka anawaogopa. Kuku hapana, na usijidanganye kwamba utamchunga.

Majirani zangu ni Waislamu, na mke wangu pia. Itakuwaje?

Tunaulizwa sana. Wengi wa Waislamu wa huku kwetu wanafuata madhehebu ya Shafi, ambayo mate ya mbwa ni najisi na kinachoguswa huoshwa mara saba, moja ikiwa kwa udongo. Kufuga mbwa kwa ajili ya ulinzi, mifugo au uwindaji kumeruhusiwa, lakini Simba hatumtoi kwa ulinzi na atataka kuingia ndani. Kwa hiyo zungumza na mkeo kabla ya kutupigia. Kama jibu lake ni hapana, liheshimu, usimletee mbwa kwa kumshtukiza. Kwa majirani, fensi nzuri na kutomwachia akazurura njia ya msikitini kunatosha. Wengi hawamchukii mbwa, wanachukia mbwa anayewagusa nguo wakienda kuswali.

Anakula nini?

Ugali wa dona au pumba na dagaa, utumbo, siku nyingine yai. Mchuzi uliobaki mezani una vitunguu, na vitunguu vinaharibu damu ya mbwa. Chokoleti na zabibu pia hapana.

Lakini linaloua mbwa wengi kimyakimya ni unga mbovu. Mahindi yaliyoota ukungu, yale ambayo watu husema "haya ni ya mbwa", huwa na sumukuvu, na mbwa huathirika nayo haraka mno. Ini linakufa, macho na fizi vinageuka njano. Kama wewe usingeyala, naye asiyale.

Afya yake ikoje?

Nzuri. Amehasiwa, amechanjwa kichaa cha mbwa (hurudiwa kila mwaka, na cheti utapewa), pamoja na ile ya mseto inayojumuisha magonjwa ya virusi ya parvo na distempa. Dawa ya minyoo kila miezi mitatu. Kupe ni vita vya kila siku huku. Mkague masikioni na katikati ya vidole. Akikataa kula, akachoka, fizi zikapauka, mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo, usisubiri ya pili. Dawa ya kuogeshea ng'ombe usimpimie kwa macho. Kipimo cha mbwa anakijua daktari.

Kuhasiwa kumepunguza kuzurura. Hakukuondoa woga, na yeyote anayekwambia kunaondoa anakuuzia.

Naweza kumbadilisha jina? Mimi ni Mwananchi, shabiki wa Yanga.

Unaweza, mwanetu. Jina jipya likija na maini atalishika ndani ya wiki. Alipewa kwa sababu ya rangi tu, halina uhusiano na timu ya Simba ya Msimbazi. Tulishapata aliyetaka kumwita Yanga, tukamwambia aje achukue fomu, hakuja.

Siku za kwanza nitegemee nini?

Huenda asile siku mbili. Huenda akajificha nyuma ya tangi la maji. Au awe mpole kupita kiasi, ukadhani tulikudanganya. Subiri. Wenye uzoefu husema siku tatu za kushangaa, wiki tatu za kuanza kuonyesha rangi zake, miezi mitatu kabla hajajiona yuko kwao. Si hesabu ya kitaalamu ila kwa mbwa wetu wengi inakaribia ukweli.

Wiki ya kwanza usialike wageni, usimwogeshe, usimpeleke kumtambulisha kwa ukoo. Mwonyeshe pa kulala, pa kunywa maji, pa kujisaidia. Zoea kumwacha peke yake kwa vipande: toka nje ya geti, rudi kabla hajaanza kulia, kesho ongeza kidogo. Anayefanya kazi kwa muda wa saa nane hadi tisa kwa siku na hakuna mtu nyumbani hatumpi Simba. Na usimchukue Desemba mwishoni. Fataki za mwaka mpya zitamrukisha fensi kabla hajajua kwao ni wapi.

Nikishindwa?

Unamrudisha kwetu, saa yoyote, bila kuulizwa maswali ya kukuaibisha. Imeandikwa kwenye fomu na tunaisimamia. Usimgawe kwa rafiki, usimpeleke shamba la mjomba, usimwachie barabarani ukidhani atajitafutia.

Nikitaka kumwona?

Jumamosi asubuhi, kabla ya saa nne. Vua helmeti nje ya geti kama umekuja na pikipiki. Ukiingia usimwite, usimwinamie, usimnyooshee mkono. Kaa kwenye benchi, tutakupa kikombe cha vipande vya maini, na umrushie kimoja kimoja chini mbali nawe huku tukiongea. Atakuja kukunusa magoti kutoka nyuma. Mwache anuse. Mlete kila mtu anayeishi nyumbani, dada wa kazi akiwemo, maana mara nyingi ndiye atakayekaa naye mchana kutwa na hakuna anayemuuliza. Hatumtoi siku ya kwanza. Tunataka mje angalau mara tatu, kisha sisi tuje tuone fensi.